Duka dogo, simu moja: jinsi ninavyouza nguo za watoto kwa WhatsApp, Insta na meseji za kawaida

Nina fremu moja Mbagala Kizuiani, nauza nguo za watoto kuanzia kichanga mpaka miaka kumi hivi, mzigo nachukua Kariakoo. Fremu yenyewe iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mtu akipita barabarani haioni, yaani ningekuwa nasubiri wapita njia ningeshafunga zamani sana. Simu ndo imenibeba. Wenzangu wengi wananiuliza nafanyaje, na nikiangalia wanavyofanya wao naona wanaanzia mwisho, wanafungua akaunti ya Insta, wanajaza picha walizotoa kwa watu, wanalipia tangazo, baada ya miezi miwili wanasema mtandao hauuzi. Unauza jamani. Ila mtandao kazi yake ni kukuletea mtu mara ya kwanza, kinachokulisha ni namba yake ya simu ukiwa nayo na ukijua cha kumwambia. Kwa hiyo mimi naanza na daftari, wenye haraka na Insta mnivumilie.

Hatua ya 1: Daftari la wateja

Nunua kauntabuku la kwaya mbili, chora mistari. Andika jina analoitwa huyo mteja, namba, mtoto wa kike au kiume, mwezi na mwaka aliozaliwa mtoto, saizi aliyochukua, alichonunua na tarehe. Safu ya mwisho andika kama amekubali kutumiwa meseji na kwa njia gani. Kwenye simu nako usiseve "mteja", "mteja 2", "mteja gauni", baada ya wiki hujui nani ni nani. Mimi naseva hivi: "Mama Imani Charambe kike 2022". Nikiona tu jina najua niongee nini.

Kwa nini saizi? Nguo nyingi zinazotoka China zimeandikwa 80, 90, 100, 110, na zile namba ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Mtoto mdogo wa mwaka mmoja hivi anarefuka kwa kasi, ndani ya mwaka saizi imeruka, akishapita miaka mitatu anaongezeka kama sentimita 6 au 7 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba aliyenunua 90 mwezi wa tatu, mwaka kesho mwezi wa tatu ile nguo imeshambana kwapa, na mama yake anajua. Wewe ukimtafuta wakati huohuo anaona kama umemkumbuka, wala haoni kama unamtangazia. Ukiuza viatu au vyombo au vipodozi tafuta na wewe saa ya bidhaa yako. Mafuta ya ngozi yanaisha baada ya wiki ngapi? Unga wa lishe je? Hiyo ndo tarehe ya kuandika kwenye daftari.

Namba inaombwaje sasa. Ukisema "naomba namba yako" mtu anashtuka, hasa kama ni mdada na wewe ni mkaka. Mimi nasubiri analipa, nafunga mfuko, halafu nasema "Mama, nikipata mzigo wa saizi ya huyu nikutumie picha WhatsApp au meseji ya kawaida?" Siku moja mama mmoja akanijibu, "We nitumie meseji tu, hiyo simu ya kupapasa anayo baba yake." Hapo ndo nilipoelewa kwamba nusu ya wateja wangu siwapati kabisa kwa stetasi hata niposti mpaka bando liishe.

Akisema hapana, andika hapana, usimtumie. Achana na hadithi za kununua orodha ya namba elfu mbili kutoka kwa mtu. Kwanza hao watu hawakujui, pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya mtu ni taarifa yake binafsi, umepewa kwa kazi aliyoikubali yeye.

Hatua ya 2: WhatsApp ya biashara

Tafuta laini nyingine kwa ajili ya duka, pakua WhatsApp Business, ni bure, na inakaa simu moja na WhatsApp yako ya kawaida mradi namba ni tofauti. Usichanganye duka na familia, utakuja kuposti picha za msiba katikati ya magauni ya Idi, nimeona kwa macho yangu.

Ukishafungua jaza kila kitu: jina la duka, saa za kufungua, na eneo kwa maneno ya mtaani, siyo "Dar es Salaam, Tanzania". Andika "Mbagala Kizuiani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ulizia nguo za watoto". Halafu ingia kwenye majibu ya haraka, andaa manne au matano ya yale maswali unayoulizwa kila siku, mpo wapi, delivari shingapi, nalipia wapi. Jibu la malipo liwe na Lipa Namba NA jina litakalotokea mteja akiingiza, maana jina likitokea lisilojulikana mtu anaogopa anaghairi, na ana haki.

Kuna kitu kinaitwa lebo, alama unayoibandika kwenye chati ya mteja, wengi hawakigusi. Mimi nina lebo nne tu: ameuliza, amelipa, mzigo uko njiani, mkumbushe mwisho wa mwezi. Hiyo ya mwisho ndo dhahabu. Mtu anakwambia "nzuri dada, ngoja mshahara", wengi wetu tunajibu "sawa dear" halafu tunasahau. Mpe lebo, ikifika tarehe 25 hivi mtumie picha ileile aliyoipenda, muulize bado anaitaka.

Katalogi nayo ipo, inaingia bidhaa mpaka 500, ila kwa nguo ambazo ukiuza pisi tatu zimeisha inachosha kuisafisha, mimi naweka vile visivyoisha tu, soksi, vesti, pajama, mataulo ya kichanga. Muuza vyombo itamfaa kuliko mimi.

Tengeneza na linki ya kumleta mtu moja kwa moja kwenye chati yako: andika wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Hiyo utaibandika Insta, Facebook, popote.

Na weka PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, leo hii kabla hujalala. Wezi wa akaunti wanakuja na "samahani nimetuma kodi kwako kwa bahati mbaya naomba nitumie", hiyo kodi ni zile namba za uthibitisho za WhatsApp yako, ukizituma tu WhatsApp imeenda, na wanaanza kukopa hela kwa wateja wako kwa jina lako.

Hatua ya 3: Picha, na andika bei

Picha piga mwenyewe. Kariakoo kuna mawinga, wanapiga picha mzigo wa watu wanapandisha bei wanaposti, wengine ni waaminifu kabisa, lakini wateja wameshaumizwa na baadhi yao kwa hiyo sasa kila mtu anahisi wewe ni winga mpaka umwonyeshe kwamba nguo iko mkononi mwako. Tundika gauni kwenye mlango wa fremu saa tatu asubuhi, jua halijawa kali, nyuma weka shuka jeupe au kanga iliyotulia. Picha ya kwanza nguo nzima, ya pili mshono kwa karibu, ya tatu ile lebo ya saizi na futi ya fundi imelala pembeni. Video ya sekunde kumi unalivuta vuta kitambaa inauza kuliko picha kumi, kwa sababu mama anachotaka kujua ni kama linapauka na kama linakwaruza mtoto shingoni.

Watoto wa watu usiwaposti sura bila mzazi kukubali. Mzazi akikutumia mwenyewe picha ya mtoto amependeza muulize kwanza, "naomba niiweke stetasi?" Akikataa basi. Wengi wanafurahi, wengine baba hataki, usilazimishe.

Sasa bei. Hii "bei njoo inboksi" nani alituroga? Mtu yuko kwenye daladala, ana bando la shilingi mia tano, ameona gauni amelipenda, hajui kama ni elfu nane au elfu arobaini, unataka aanze kukuandikia "mambo", akusubiri ujibu "poa dear karibu", aulize bei, umuulize saizi gani... ameshashuka kituoni amesahau. Anayeogopa kuandika bei anasema washindani wataona. Washindani wanazijua bei zako tayari, tunachukua mzigo mitaa ileile. Mimi naandika hivi:

"Gauni la pamba, saizi 90, 100, 110. Elfu 15. Njano na bluu. Yapo 6 tu dukani Kizuiani. Delivari Mbagala yote elfu 2."

Hayo ndo maneno yote. Mtu akija chati amekuja kununua au kupunguziwa, na kupunguziwa weka kabisa kichwani mwisho wako ni ngapi.

Hatua ya 4: Stetasi

Stetasi inakaa saa 24 na kwa kawaida inaonekana na mtu ambaye mmeseviana namba, wewe unayo yake na yeye anayo yako. Wengi wanasahau huu upande wa pili, wana namba 600 kwenye simu wanaotazama ni 40, wanalalamika. Pale dukani mwambie mteja aiseve mbele yako, "andika Nguo za Watoto Kizuiani", na umpe sababu, mimi mzigo mpya unaanzia stetasi siku nzima kabla sijautundika dukani, na wateja wangu wanajua hilo.

Usijaze. Ukiposti vitu arobaini ule mduara unakuwa nukta nukta, mtu anaruka wote. Mimi mwisho saba au nane kwa siku, na katikati naweka kitu kisichouza, mimi niko Kariakoo nimebeba furushi natafuta bajaji, au swali tu, "jamani watoto wenu wanavaa sweta msimu huu au joto?" Watu wanajibu, na akishajibu mazungumzo yameanza. Muda mzuri kwangu ni asubuhi watu wakiwa kwenye foleni, na usiku kuanzia saa mbili watoto wakishalala. Mchana siposti, nauza.

Hatua ya 5: Brodkasti, siyo grupu

Hapa nilichemka vibaya, ngoja niwaambie ili msirudie. Mwaka wa kwanza nilifungua grupu la WhatsApp nikawaingiza wateja tisini kwa mpigo bila kuwauliza. Dakika tano za kwanza ni "fulani ameondoka, fulani ameondoka" mpaka nikaona aibu. Waliobaki, mmoja akaanza kutuma sala za asubuhi, mwingine mkopo wa haraka, halafu mtu ambaye mpaka leo sijui alikuwa nani akachukua namba za wadada mle ndani akaanza kuwatumia "mambo mrembo" usiku. Mume wa mteja wangu mmoja akanipigia simu. Sitasimulia aliyosema. Grupu nikalifuta, na wateja kama kumi sijawaona tena.

Tumia brodkasti. Unachagua watu mpaka 256 kwenye orodha moja, unaandika mara moja, kila mmoja anapata kama umemwandikia yeye peke yake na wao hawaonani. Sharti ni lilelile, awe ameseva namba yako, bila hivyo haimfikii. Tengeneza orodha kwa saizi: vichanga, 80 na 90, 100 na 110, wakubwa. Mama mwenye mtoto wa miaka tisa ukimtumia vinguo vya kichanga mara tatu anakublock, na WhatsApp ikiona unablokiwa na kuripotiwa sana inaweza kuifungia namba. Mimi natuma mara mbili kwa mwezi, Idi na Krismasi naongeza moja.

Hatua ya 6: Meseji ya kawaida

Hii inadharauliwa na ndo imenipa hela kuliko zote. Inafika kwenye kitochi, haihitaji bando, na mtu anaifungua. Shida yake ni kwamba Watanzania tumechoshwa na "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo meseji yoyote ya hela kutoka namba ngeni inaonekana tapeli. (Zile za kitapeli zenyewe zitume kwenda 15040, ni bure.) Meseji yako lazima ndani ya maneno kumi ya kwanza imwambie wewe ni nani na unamjua. Na kamwe usiweke namba ya kulipia kwenye meseji ya kwanza. Hii hapa niliwahi kuituma:

"Mama Rehema habari, ni dada wa nguo za watoto Kizuiani. Magauni saizi 100 yamefika, 15,000. Nikuwekee la njano au la bluu? Nipo mpaka saa 2 usiku."

Angalia inavyofanya kazi. Jina lake lipo, sehemu ipo, saizi ni ya mtoto wake siyo ya mtoto wa mwingine, bei ipo, na swali mwishoni ni la rangi. Ningeuliza "utahitaji?" angejibu hapana au asijibu.

Urefu. Meseji moja ni herufi 160 pamoja na nafasi, hiyo ya juu ni kama 150. Ukizidisha unalipa meseji mbili. Na hiki wengi hawakijui, ukiweka emoji hata moja kiwango kinashuka mpaka herufi 70, kwa hiyo meseji hiyo ningeipamba na kopa jekundu mwishoni ingehesabika meseji tatu. Kwa watu ishirini si kitu, kwa watu elfu moja umelipa mara tatu kwa ajili ya kopa.

Mpaka wateja mia moja na kitu tuma kwa laini yako na bando la SMS, kidogo kidogo, ishirini leo ishirini kesho, ili uweze na kuwajibu. Wakizidi hapo tafuta kampuni ya meseji za jumla, wanakuombea jina la mtumaji lisilozidi herufi 11, wataomba nyaraka zako za biashara, uliza bei ya meseji moja na kiwango cha chini cha kununua kabla hujalipa. Ila kumbuka ikitoka kwa jina mteja hawezi kuijibu, kwa hiyo namba yako ya simu lazima iwe ndani ya meseji, nimeona tangazo zuri kabisa la duka halina namba, watu wanajibu hewani. Mwishoni waambie asiyetaka tena apige au aandike BASI kwenye namba hiyo, na akisema basi mfute.

Lini utume? Mshahara wa wengi unaingia kuanzia tarehe 23 mpaka 30, tarehe 12 unampigia mtu kelele tu. Idi usisubiri mwezi uandame, tuma kabla kumi la mwisho halijaanza, mama anapanga bajeti ya nguo mapema na Kariakoo ile wiki ya mwisho hapaingiliki. Ramadhani usitume jua likizama, watu wako kwenye futari. Januari ni sare, soksi nyeupe na masweta, usimtumie mtu gauni la sherehe wakati anatafuta ada.

Hatua ya 7: Insta, Facebook, TikTok

Naandika fupi kwa sababu ukishakuwa na hayo ya juu huku ni kurudia. Insta weka namba, mtaa na ile linki ya wa.me kwenye wasifu. Picha zilezile za stetasi. Facebook usidharau, magrupu ya mtaa wako ndo yana wateja wa kutembea kwa mguu, ila soma sheria za admini kwanza. TikTok video ya kufungua mzigo inaenda mbali, shida inakwenda mbali kweli, unapata maswali elfu kutoka Bukoba na Tunduma na huna mpango wa kutuma. Kubusti, yaani kulipia posti yako ionekane na wengi, sikatazi, lakini chagua eneo, ukilipia Tanzania nzima umelipia watu wa Kigoma waone fremu ya Mbagala.

Hatua ya 8: Hela na mzigo

Skrinishoti siyo hela. Meseji ya malipo iliyokuja kutoka namba ya mtu binafsi siyo hela. Niliwahi kumpa bodaboda seti tatu kwa sababu mteja alinitumia "muamala umethibitishwa" imeandikwa vizuri kuliko ya mtandao wenyewe, salio kuja kuangalia hamna kitu. Sasa naangalia salio kwanza, hata mteja anune. Wa mikoani analipa kamili, mzigo naupeleka kwenye basi Stendi ya Magufuli Mbezi, nampigia picha mzigo umeandikwa jina na namba yake, risiti ya basi, na namba ya gari. Picha hizo tatu zimenimalizia ugomvi mwingi.

Hatua ya 9: Jua wanatoka wapi

Kila mteja mpya namuuliza "umenijuaje?" naandika herufi moja daftarini: S stetasi, I Insta, F Facebook, M meseji, J ameletwa na jirani. Mwisho wa mwezi nahesabu. Nilivyofanya mara ya kwanza nilidhani Insta inaongoza kwa sababu ndo inanipa likes, kumbe J na M. Nikapunguza muda wa Insta, nikaanza kumpa soksi za bure kila anayemleta mwenzake.

Na daftari lipige picha kila Jumapili, kauntabuku linaloa. Lakini usilitupe ukishahamishia kwenye simu. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Insta zilizimika zote dunia nzima kwa saa sita hivi, huku kwetu ilianza saa kumi na mbili na nusu jioni, na mimi nilikuwa nimerudi na mzigo sijaposti hata picha moja. Nikakaa kwenye stuli na daftari, nikawachambua wa saizi 100, nikaanza kutuma moja moja. Ile ya mama Rehema ilikuwa ya usiku huo. Alijibu kabla sijafunga fremu: "La njano. Nakuja kesho na hela kamili, usimpe mtu."